Mikato 94 ya Marumaru

Mashine ya kwanza ya kukatia marumaru niliinunua Kariakoo Jumamosi moja, katika duka ambalo muuzaji wake alikuwa na haraka kuliko mimi, na nilichomwambia hakikuzidi sentensi moja: nataka mashine ya kukatia marumaru. Hakuniuliza ni marumaru za aina gani, zina ukubwa gani, wala kama zinakwenda sakafuni au ukutani, nami sikujua kuwa hayo ni maswali. Alinyoosha mkono kwenye rafu ya juu, akashusha boksi lenye picha ya jiwe linalopasuliwa, akasema, "Mama, chukua hii. Wati 1,400, inakata hata zege." Alisema kweli, kama nitakavyoeleza mbele. Nikalipa, nikapanda daladala na boksi langu mapajani, nikijiona mjanja kwa kuwa sasa fundi hangekuwa na sababu ya kunidai pesa ya kukodi mashine.

Nyumba yetu iko Tabata. Tuliijenga polepole, chumba baada ya chumba, na kwa miaka zaidi ya 20 sakafu yake ilikuwa ya saruji nyekundu, ile inayodai kupakwa nta na kusuguliwa kila mwisho wa wiki, na ambayo hata ukiihudumia namna gani hufika siku ikaanza kubanduka magamba. Tulipoamua kuikarabati, mpango ulikuwa kuweka marumaru sebuleni, kwenye korido ya kwenda vyumbani, jikoni, bafuni na kwenye ngazi mbili za baraza. Marumaru za sakafuni nilizichagua kwa macho: za sentimita 60 kwa 60, rangi ya mchanga wa pwani, vipande 4 kwa boksi, na kila boksi likiwa na uzito wa karibu kilo 30, jambo nililolifahamu vizuri pale kijana wa kirikuu alipokataa kuyashusha peke yake. Za ukutani bafuni zilikuwa nyeupe, za 30 kwa 60. Tangu viwanda vya Mkuranga na Chalinze vianze kuzalisha, mtu wa kipato cha kawaida amepata mapana ya kuchagua, na mapana hayo yalinipumbaza. Niliwaza rangi kwa wiki 3, nikawaza kifaa cha kuikata rangi hiyo kwa dakika 3.

Siku ya kwanza ya kazi fundi aliitazama mashine yangu, akaigeuza, akaniuliza kwa adabu kama ninayo diski nyingine. Sikuwa nayo. Diski iliyokuja ndani ya boksi ilikuwa na mapengo makubwa kwenye ukingo wake, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Aliwasha, akaanza kukata akiwa amechuchumaa barazani, akiwa ameishikilia marumaru kwa unyayo, na ndani ya muda mfupi baraza lote lilikuwa jeupe. Vumbi liliingia jikoni, likakaa juu ya maharage yaliyokuwa yakichemka, likavuka ukuta na kutua kwenye kamba ya nguo za jirani, ambaye alikuja kuniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake katika miaka yote ya ujirani wetu. Nilipokishika kipande cha kwanza kilichokatwa, ukingo wake ulikuwa umemeguka-meguka juu, upande wa rangi, kama mkate uliong'atwa na panya. Fundi akasema kutafichwa na skatingi, ule ukanda wa marumaru unaozunguka chini ya ukuta. Kufikia jioni vipande 9 vilikuwa vimeharibika, vingine kwa kumeguka, vitatu kwa kupasuka kabisa, na pesa ya vipande hivyo ilikuwa imeanza kuikaribia bei ya mashine yenyewe.

Usiku ule nilimpigia simu mjomba wangu, aliyekuwa fundi mwashi kwa zaidi ya miaka 30 kabla magoti hayajamstaafisha. Nilimsalimu, akaitikia, nikamweleza yote. Hakunilaumu. Aliuliza swali moja: "Mwanangu, umezigeuza hizo marumaru ukazitazama mgongoni?" Sikuwa nimezigeuza.

Alikuja Jumatatu asubuhi. Alichukua kipande kimoja cha sakafuni na kimoja cha ukutani, akavilaza kifudifudi juu ya meza, akachovya kidole katika kikombe cha maji na kudondosha matone kwenye mgongo wa kila kimoja. Juu ya ile ya ukutani tone lilinywewa, likaacha doa la giza lililotanuka taratibu. Juu ya ile ya sakafuni tone lilibaki limekaa kama lilivyokaa, mviringo, kama umande juu ya jani la mgomba. "Hii ya ukutani ni udongo uliochomwa ukapakwa rangi," alisema, "na hii ya sakafuni ni poseleni." Baadaye nilikuja kujua kuwa kipimo cha kimataifa kinachotenganisha aina hizi ni hichohicho cha mjomba, ila kimeandikwa kwa namba: ili marumaru iitwe poseleni, haipaswi kunywa maji yanayozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, wakati zile za ukutani huweza kunywa zaidi ya asilimia 10. Kitu kisichonywa maji ni kitu kilichoshikamana sana, na kilichoshikamana sana ni kigumu kukatwa. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja nilikuwa na kazi mbili zisizofanana, nami nilikuwa nimenunua mashine moja isiyoifaa hata mojawapo.

Mjomba alinieleza jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Diski ya almasi haina makali kama ya kisu wala ya msumeno wa mbao. Ukingo wake ni chuma laini kilichochanganywa na punje ndogo za almasi, na punje hizo ndizo zinazosaga. Zinapochakaa, chuma kinachozishikilia nacho hulika na kufichua punje mpya. Diski yenye mapengo hutengenezwa kwa ajili ya zege na matofali, kwa kuwa mapengo hutoa vumbi nje na kupitisha hewa ya kupooza diski, lakini kila pengo linapofika kwenye ukingo wa marumaru hugonga kama nyundo ndogo, na kugonga huko, maelfu ya mara kwa dakika, ndiko kulikokuwa kunanimegulia rangi. Marumaru hutaka diski yenye ukingo mzima usiokatika, tena nyembamba, na kwa poseleni hutaka maji.

Hapo nilidhani tutakwenda dukani. Badala yake mjomba aliomba daftari la hesabu la mwanangu, lile lenye vijumba, pamoja na futi kamba.

Tulipima vyumba vyote. Sebule yetu ina mita 4.45 kwa 5.30. Ukipanga marumaru za sentimita 60 na kuacha nafasi ya milimita 3 kati yake, upande mfupi unakula vipande 7 vizima na kubaki sentimita 23, na upande mrefu unakula vipande 8 na kubaki karibu sentimita 48. Tulichora kila kipande ndani ya vijumba, na kila kipande kilichogusa ukuta, nguzo, fremu ya mlango, bomba au ukingo wa ngazi tulikiwekea alama. Alama ya msitari ilikuwa mkato ulionyooka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Alama ya pembe ilikuwa mkato wa herufi L, ule unaozunguka fremu ya mlango au kona ya nguzo. Duara lilikuwa tundu la koki au bomba. Msitari wa mshazari ulikuwa ukingo wa ngazi, ambapo marumaru mbili hukutana kwa kukatwa nyuzi 45 kila moja ili zifungane bila kuonyesha tumbo lake. Kazi hiyo ilituchukua saa mbili na chai mbili. Mwishoni tulihesabu: mikato 94 kwa jumla, ambayo 61 ilikuwa ya kunyooka, 14 ya L, 9 ya matundu na 10 ya nyuzi 45.

Namba hizo ndizo zilizonifungua macho kuliko kitu chochote nilichokuja kuambiwa dukani. Karibu theluthi mbili ya kazi yangu ilikuwa mikato ambayo haihitaji umeme hata kidogo.

Ipo mashine ya mkono ambayo mafundi wetu wanaijua vizuri, yenye reli mbili za chuma na mpini unaoteleza juu yake ukiwa na kigurudumu kidogo kigumu mbele. Unaweka marumaru, unakisukuma kigurudumu mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho ili kichore mstari kwenye rangi, kisha unaukandamiza mpini na marumaru inavunjika palepale penye mstari. Kampuni ya Rubi ya Uhispania, iliyoanzishwa na ndugu wa ukoo wa Boada mwaka 1951, imejijengea jina kwa mashine za aina hii, na ukitazama zile za bei nafuu zilizojaa madukani mwetu utaona wazi kuwa ni wajukuu wa wazo hilohilo. Haina vumbi la kusumbua, haina kelele, haijali umeme ukikatika, na mkato mmoja huchukua chini ya dakika. Udhaifu wake ni kwamba hukata msitari ulionyooka tu. Haiwezi L, haiwezi tundu, haiwezi nyuzi 45, na ukitaka kuondoa ukanda mwembamba wa sentimita moja au mbili, marumaru huvunjika inavyotaka yenyewe.

Kwa hiyo safari ya pili ya Kariakoo niliifanya nikiwa na karatasi ya hesabu mkobani na vipande viwili vya marumaru yangu vimefungwa kwenye gazeti ndani ya mfuko wa sandarusi. Vilikuwa vizito, na nilipovitoa juu ya kaunta baadhi ya wauzaji walinitazama kama mtu aliyekwenda sokoni na sufuria yake. Lakini kubeba marumaru ndiko kulikonisaidia kuliko maneno yote. Katika duka la kwanza mashine ya mkono iliyosifiwa kuwa inakata "mpaka poseleni" ilichora mstari uliokatika katikati, kwa sababu reli zake zilipinda mkono ulipokandamiza, na kipande kikavunjika kuelekea kona. Muuzaji alisema marumaru yangu ni mbovu. Nilimshukuru nikaondoka na vipande vyangu.

Katika duka la tatu nilikutana na mzee aliyenielewa. Alinionyesha mambo ambayo leo nisingenunua mashine ya mkono bila kuyatazama. La kwanza ni urefu. Nilikuwa nimekusudia ya sentimita 60 kwa kuwa marumaru zangu zina sentimita 60, naye akaniuliza kama kuna mahali popote nitakapozilaza kimshazari. Palikuwepo, kwenye kipande cha korido mbele ya bafu. Mshazari wa mraba wa sentimita 60 ni karibu sentimita 85, na mashine isiyofika hapo haiwezi kumaliza mkato. Hata bila mshazari, alisema, mashine yenye urefu sawasawa na marumaru haikuachii nafasi ya kukianzisha kigurudumu kabla ya ukingo. La pili ni kucheza kwa mpini: aliushika akautikisa kulia na kushoto, na ule wa bei ya chini ulicheza kama jino linalotaka kung'oka, ilhali ule mwingine ulitulia. La tatu ni kigurudumu. Aliniambia nihakikishe kinafunguliwa kwa skrubu na kwamba vya akiba vinapatikana, kwa kuwa hicho ndicho kinacholika, na mashine isiyo na kigurudumu cha akiba ina umri wa kigurudumu kimoja. Kisha akaniachia nikate mwenyewe. Sauti ya kigurudumu kinachochora vizuri ni kama ya kitambaa kinachochanwa taratibu, haikatiki wala haipandi na kushuka, na nilipokandamiza mpini marumaru ilitoa mlio mmoja mkavu na kuachana. Nilipitisha kidole kwenye ukingo. Ulikuwa mkali, lakini mzima.

Niliinunua ya sentimita 90. Bei yake ililingana na ya maboksi matano ya marumaru, na moyo uliniuma kuitoa, hasa nikikumbuka ile ya kwanza iliyokuwa imelala stoo.

Ilibaki mikato 33. Kwa L na nyuzi 45 nilihitaji msumeno wa meza wenye maji, na hapa nilijifunza kutotishwa na wati. Msumeno mdogo wa meza niliouona ulikuwa umeandikwa wati 600, chini ya nusu ya ile mashine yangu ya mkononi, na kwa akili yangu ya zamani ningeupita bila kusimama. Tofauti iko kwenye mzunguko. Mashine ndogo za mkononi za diski ya milimita 110 huzunguka mara 12,000 na zaidi kwa dakika, wakati msumeno wa meza wa diski ya milimita 180 huzunguka karibu mara 2,950. Diski inayokwenda polepole, ikichota maji kutoka kwenye beseni lililo chini yake katika kila mzunguko, haichomi rangi wala haitetemi. Mota ya aina hiyo haina kaboni, vile vipande vidogo vinavyolika ndani ya mota na kudai kubadilishwa, ni nzito, na hustahimili kazi ndefu mradi huilazimishi. Ila msumeno huo una meza fupi. Haikufika nusu mita, na marumaru yangu ya sentimita 60 ingening'inia nje na kuanguka kabla mkato haujaisha.

Ipo misumeno mikubwa zaidi, yenye mota inayoteleza juu kwenye reli na pampu inayomwagia diski maji, na hiyo hukata marumaru ndefu bila shida yoyote. Niliulizia bei, nikanyamaza. Kwa mikato 24 haikuwa na maana. Mzee yule wa dukani, ambaye angeweza kunishawishi ninunue ule mdogo, ndiye aliyeniambia nikodi. Alinipa njia ya kufikiri ambayo naitumia mpaka leo: mikato ya msumeno wa maji ikusanywe yote, ipimwe na kuchorwa kwa kalamu juu ya marumaru kabla mashine haijafika, kisha mashine ikodiwe siku mbili, ikatwe yote mfululizo. Mtu anayekodi huku fundi bado anapima huilipia mashine iliyokaa tu.

Nilikodi mdogo kutoka kwa fundi mwingine wa mtaa wa pili, kwa siku mbili. Kabla ya kuuchukua niliutazama kama nilivyofundishwa. Niliuzungusha kwa mkono, umeme ukiwa umechomolewa, nikitazama kama diski inayumba. Niliweka skwea kati ya diski na ile reli ya kuegemeza marumaru, nikaona haikuwa pembe mraba, tukailegeza na kuirekebisha. Niliuliza tundu la katikati la diski lina milimita ngapi, kwa kuwa diski za 22.2 na za 25.4 zote zimo madukani, na diski isiyokaa sawasawa kwenye mhimili wake ni hatari. Nilisoma pia mizunguko iliyoandikwa kwenye diski, ambayo haipaswi kupungua ile ya mashine. Na nilitazama waya: plagi ilikuwa na ncha tatu, na ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, ilikuwa imeunganishwa kweli, si kwa mapambo.

Kuhusu umeme na maji sikutaka mzaha. Fundi wa umeme alitufungia kwenye soketi ya barazani kile kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, chenye alama ya miliampea 30. Waya wa mashine tuliuachia ulegee ufanye tumbo chini ya soketi, ili maji yanayotambaa juu yake yadondoke chini badala ya kufuata waya hadi kwenye plagi. Waya wa kuunganishia tuliukunjua wote, kwa kuwa uliokunjwa hupata moto. Kazi tuliipanga kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri, kwa sababu jioni umeme wa mtaani kwetu hushuka nguvu, na mota inayokosa nguvu huunguruma, huelemewa, kisha hunuka.

Kwa ufupi wa meza, mjomba alipiga misumari mbao nne na ubao mmoja, akapata kigoda chenye urefu uleule wa meza ya msumeno, tukakiweka ubavuni. Ndicho kifaa kilichokuwa na gharama ndogo kuliko vyote katika kazi nzima, na bila hicho tusingekata hata kipande kimoja kizima.

Mkato wa L ndio ulionifundisha uvumilivu. Kipande cha kwanza fundi alikata upande mmoja hadi kwenye kona, akageuza, akakata wa pili hadi kwenye kona, na kipande kilipotoka, ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeanzia palepale penye kona na kukimbia hadi ukingoni. Mjomba, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na fimbo yake, alisema kona kali ndiyo mlango wa ufa. Cha pili tulitoboa kwanza tundu dogo la milimita 8 kwenye kona, kisha mikato yote miwili ikaja kuishia ndani ya tundu hilo. Kwa kuwa diski ni duara na hutokea chini ya meza, upande wa juu huwa haujafika pale upande wa chini ulipofika, hivyo zile milimita chache zilizobaki tulizimalizia kwa kuigeuza marumaru kifudifudi na kukata tena. Kati ya L 13 zilizobaki hakuna hata moja iliyopasuka.

Kwa nyuzi 45, kosa tuliloliepuka kwa sababu ya mjomba ni kukata hadi kwenye ukingo wenyewe wa rangi. Tuliacha karibu milimita moja ya ukingo bila kuigusa, tukakata mgongo tu. Ukingo uliochongwa hadi ncha huwa mkali kama wembe na humeguka kwa kiatu cha kwanza kitakachoukanyaga.

Katikati ya siku ya pili diski iliacha kukata. Ilizunguka, ilitoa kelele, ikawa inasugua tu, na fundi akaanza kuisukuma marumaru kwa nguvu, jambo ambalo lilifanya mkato upinde. Nilidhani diski imekwisha, nikaanza kutafuta pesa ya nyingine. Mjomba alinyosha fimbo kuelekea kwenye rundo la matofali nyuma ya nyumba akasema, "Nileteeni tofali la saruji." Fundi alilikata tofali mara tatu, kijuujuu. Tope likawa la kijivu. Aliporudi kwenye marumaru, diski ilipita kama siku ya kwanza. Poseleni ni ngumu lakini ina punje laini, hivyo husugua almasi hadi zikawa bapa huku chuma kinachozishikilia kikiwa hakijalika vya kutosha kufichua nyingine. Tofali la saruji, lenye mchanga unaokwaruza, hukila chuma hicho na kuzitoa punje mpya nje. Hiyo hiyo ndiyo diski iliyomaliza kazi.

Maji ya beseni tulikuwa tukiyabadilisha kila baada ya mikato michache, kwa kuwa hugeuka kuwa tope jeupe, zito kama uji wa mtoto, na diski inayochota uji haipoi. Tope hilo halimwagwi kwenye sinki wala kwenye shimo la choo, maana hutulia chini na kuganda. Tulilimwaga kwenye ndoo, likatuama usiku kucha, maji yakamwagwa bustanini na tope likaenda na kifusi.

Matundu 9 ya bafuni yalikuwa kazi ndogo. Marumaru za ukutani zilikuwa laini, na tulitumia biti ya almasi yenye umbo la kikombe kwenye drili ya kawaida, mtikisiko wa nyundo ukiwa umezimwa, tukianza kwa kuilaza upande ili ichore mwezi mchanga kwanza, kisha tukiisimamisha polepole, huku mtu mmoja akikamua sifongo lenye maji. Mikato ya kunyooka ya bafuni nayo ilikuwa ya starehe. Mwanangu wa kidato cha tatu alikata karibu yote kwa mashine ya mkono.

Nirudi kidogo kwenye vumbi la siku ile ya kwanza, kwa kuwa nililichukulia kama kero ya nguo za jirani tu. Poseleni hutengenezwa kwa udongo na madini ya feldispa na kwazi, na vumbi lake kavu lina silika, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu hukwangua mapafu na kuleta ugonjwa wa silikosi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka silika ya aina hiyo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1997. Mimi nililivuta kwa siku moja. Yule kijana fundi analivuta kila wiki, kwenye nyumba za watu wanaomnunulia mashine bila kumuuliza, na kitambaa alichojifunga puani siku ile hakikuwa kinamsaidia chochote. Katika gharama zangu za siku za msumeno niliongeza boksi la barakoa zenye alama ya N95, na alizichukua zote alipoondoka. Nilifurahi.

Mashine ya mkono bado ninayo, na imekwisha kubadilishwa kigurudumu mara moja baada ya kuzunguka nyumba nne za mtaani. Ile ya wati 1,400 nilimpa mpwa wangu, ambaye ni fundi umeme. Anaitumia kukatia mifereji ya kupitishia waya kwenye kuta za tofali na zege, kwa diski ileile yenye mapengo iliyokuja nayo ndani ya boksi, na anasema hajapata kuwa na mashine nzuri kama hiyo.